Imani Haina Mnyapara

Hapana neno lipendwalo na vijana wetu kuliko neno uhuru, wala hapana neno liogopwalo na wazee wengi wa kanisa kuliko neno hilo hilo. Kijana akilitaja, mzee hudhani anataka kuasi. Mzee akilikemea, kijana hudhani anataka kumfunga kamba. Hivyo jambo ambalo lingefaa kuwa urithi wao wote wawili limekuwa kama mpaka wa shamba, kila mmoja amesimama upande wake akimtazama mwenziwe kwa jicho la shaka. Nia yangu katika insha hii ni kutetea neno moja tu: imani isiyochaguliwa na mwenyewe si imani. Na yeyote amchaguliaye mwenziwe imani, iwe kwa nguvu, au kwa vitisho, au kwa werevu wa maneno, anajitwalia kwa lazima kitu ambacho Mungu mwenyewe hakutaka kukipokea ila kwa hiari.

Sisi wakazi wa Nakuru na sehemu za kati za Bonde la Ufa yatupasa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Wengi wa babu zetu walifanya kazi katika mashamba ya walowezi, katika ngano ya Njoro, pareto ya Molo na mkonge wa Solai. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka kila skwota amfanyie tajiri kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, ndipo aruhusiwe kukaa shambani na kulima kijisehemu chake. Kila asubuhi mnyapara alihesabu vichwa. Aliyekuwapo aliandikwa, asiyekuwapo alitafutwa. Mnyapara hakuuliza mtu anawaza nini, wala anampenda nani. Mikono ilimtosha, kwa maana ngano huvunwa na mikono hata kama moyo umenuna.

Basi lipo kosa kubwa linalofanywa na watu wengi wa dini, nalo ni kudhani kwamba kanisa laweza kuendeshwa kama shamba la mlowezi. Wahesabu vichwa na kusema imani imekua. Wawaona watu wamepiga magoti na kusema watu wameomba. La hasha! Magoti ni kama mikono ya skwota: yaweza kukunjwa kwa amri. Moyo haukunjwi kwa amri ya mtu. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa, na kama neno hilo ni kweli katika kazi za shamba, ni kweli zaidi katika mambo ya Mungu.

Tutazame Maandiko yenyewe, kwa kuwa hao wanaolazimisha hupenda kujificha nyuma yake. Yoshua alipokuwa mzee aliwakusanya Waisraeli huko Shekemu, akaweka njia mbele yao, akawataka wachague watakayemtumikia. Mtu huyu alikuwa jemadari. Angaliweza kuamuru, na askari wake wangaliitimiza amri hiyo kabla ya jua kuchwa. Lakini aliloamua kwa nguvu lilikuwa lake na la nyumba yake. La wengine aliwaachia wenyewe. Kadhalika yule tajiri aliyemwendea Bwana kuuliza habari za uzima wa milele aliambiwa ukweli mgumu, akaenda zake kwa huzuni. Injili ya Marko yatuambia kwamba Yesu alimpenda. Haituambii kwamba alimkimbilia amshike nguo, wala kwamba alimpunguzia sharti ili asimpoteze. Na siku ile wanafunzi wengi walipoyaona mafundisho kuwa magumu wakarudi nyuma, aliwageukia wale Thenashara akawauliza kama nao wanataka kuondoka. Mlango aliuacha wazi. Ikiwa Bwana mwenyewe aliuacha mlango wazi, ni nani basi aliyempa mtumishi wake kufuli?

Huenda mtu akajibu hivi: "Hayo ni ya zamani za Biblia. Katika mambo ya taifa na kabila, umoja hutangulia, na dhamiri ya mtu mmoja yafaa ingoje." Hoja hii si ngeni katika bonde letu, nayo imekwisha kujaribiwa. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilianza kuwaweka Wakikuyu huko Olenguruone, ikawapa masharti ya kulima na ya kukaa yaliyowafanya kuwa kama wapangaji katika ardhi waliyodhani ni yao. Walipoyapinga masharti hayo walikula kiapo cha umoja, wanaume kwa wanawake, hata na watoto. Kufikia mwaka 1950 walikuwa wamekwisha kufukuzwa. Dai lao lilikuwa la haki, na ushujaa wao hauna haja ya kutetewa na mimi. Lakini nauliza swali moja tu: mtoto aliyeapishwa pale alichagua nini?

Baadaye kiapo kilienea, na mwezi wa Oktoba 1952 hali ya hatari ikatangazwa. Wakati huo walikuwapo Wakristo walioitwa ndugu wa Uamsho, watu wa mwamko ule uliotoka Rwanda na Uganda ukafika Kenya mwaka 1937. Wengi wao walikataa kiapo, wakieleza kwamba mtu aliyekwisha kushiriki damu ya Kristo hawezi tena kujifunga kwa damu nyingine. Baadhi yao waliuawa kwa kukataa huko. Kama habari yao ingeishia hapo, serikali ya wakati ule ingejisifu kwamba walikuwa watu wake. Lakini wengi wa ndugu hao walikataa pia kuzishika bunduki za homgadi, wakisema hawawezi kumpiga risasi mtu ambaye Kristo alimfia. Kwa sababu hiyo serikali nayo iliwashuku, na mara nyingine ikawatesa. Walisimama katikati, wakipigwa kutoka pande mbili, bila ngao yoyote ila neno la kukataa.

Msomaji asinielewe vibaya. Siwahukumu waliopigania ardhi na uhuru wa nchi. Bila wao huenda tusingekuwa na shule za kusomea insha hii. Wengi wao walikula kiapo kwa hiari kamili, na hilo ni juu ya dhamiri zao. Ninalopinga ni fikira kwamba jambo likiwa la haki, basi mwenye jambo hilo amepata ruhusa ya kuingia ndani ya nafsi ya mwenziwe bila kubisha hodi. Wala serikali ya kikoloni haikuwa na mikono safi. Serikali ile ile iliyojidai kuulinda Ukristo iliwatumia waganga kuwaapisha watu upya, ati kuwatakasa na kiapo cha kwanza. Kiapo kwa kiapo, lazima kwa lazima! Pande zote mbili ziliamini kwamba nafsi ya mtu ni ghala ambalo mwenye nguvu aweza kulifungua na kutia ndani alitakalo.

Tena haya hayakwisha siku bendera iliposhushwa. Mwaka 1969, baada ya Tom Mboya kuuawa tarehe 5 Julai, viapo vya kikabila vilianza tena, mara hii chini ya serikali yetu wenyewe. Watu walichukuliwa kwa malori kwenda kuapishwa, waliotaka na wasiotaka. Viongozi wa makanisa walipaza sauti, na mzee mmoja wa Kanisa la Presbiteri alipigwa hata akafa kwa kukataa. Je, umoja uliotafutwa kwa njia ile tuliupata? Vijana wa Nakuru waliozaliwa baadaye, waliosikia vilio vya mwaka 1992 na vya Januari 2008, wanalo jibu. Umoja uliofungwa kwa kamba huvunjika siku kamba inapooza.

Wapo wengine ambao hawatumii kamba wala panga. Hao hutumia neno laini: "Mtumishi wa Mungu haulizwi." Hapa ndipo penye hatari kubwa kwa kizazi chenu, ninyi mnaosoma leo, kwa sababu mtu anayeshurutishwa kwa panga hujua kwamba anashurutishwa, bali anayeshurutishwa kwa maneno matamu hudhani ni yeye anayetaka. Ili tuone mwisho wa njia hiyo, hatuna budi kutoka kidogo katika bonde letu twende pwani.

Mwezi wa Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, makaburi yalianza kufukuliwa. Mhubiri Paul Mackenzie, aliyekuwa na kanisa lililoitwa Good News International, alishtakiwa pamoja na wenziwe kwamba waliwashawishi wafuasi wafunge kula hata kufa, ili wapate kumwona Yesu. Alikana mashtaka, na hukumu ni kazi ya mahakama. Lakini makaburi hayakani kitu. Miili zaidi ya 400 ilitolewa ardhini, na mingi ilikuwa ya watoto.

Nilisikia watu wenye akili zao wakisema, "Tuwalilieje? Walichagua wenyewe." Neno hili ni la ukatili, tena ni la uongo. Kuchagua kuna masharti mawili: ujue ni nini unachokichagua, na uweze kurudi ukiona umepotea. Watu waliotoka katika kanisa lile walieleza kwamba walikatazwa kuwapeleka watoto shuleni na hospitali. Yaani walizibiwa kwanza madirisha yote ambayo ukweli mwingine ungaliweza kupitia. Kisha madaktari walioichunguza miili walieleza kwamba baadhi ya waliokufa, wakiwamo watoto, walikuwa na dalili za kunyongwa au kupigwa. Mtu anyongwaye amechagua nini? Na mtoto wa miaka mitano, tangu lini alichagua kufa njaa? Palipoonekana kuwa na hiari palikuwa na mnyapara, ila mnyapara huyu alivaa vazi la mchungaji.

Sisemi kwamba kufunga ni kubaya. Hapa kwetu watu hushuka katika mapango ya Menengai, wakakaa humo kwa maombi na kufunga. Mtu aliyeshuka kwa hiari yake, aijuaye njia ya kupanda, na ambaye hapana wa kumzuia kupanda siku atakapo, huyo amechagua, nami namheshimu. Lakini siku atakapotokea mtu wa kusimama juu ya pango na kusema, "Hakuna kutoka mpaka niseme mimi," siku hiyo maombi yamekwisha na kifungo kimeanza.

Wapendao kusema kwamba mtumishi haulizwi na wasome tena habari za watu wa Beroya katika Matendo ya Mitume. Paulo alipowahubiri, hawakumwitikia tu kwa sababu alikuwa Paulo. Walikwenda kuyachunguza Maandiko kila siku ili waone kama aliyoyasema ni kweli. Je, waliitwa waasi? Walisifiwa kuwa waungwana. Ikiwa mtume aliyeonana na Bwana njiani alichunguzwa na wasikilizaji wake na jambo hilo likawa sifa kwao, ni mhubiri gani wa leo, mwenye hema na vipaza sauti, aliye mkubwa kuliko Paulo hata asiulizwe?

Isidhaniwe kwamba nawanyoshea wahubiri peke yao kidole. Mnyapara huonekana shuleni pia. Shule nyingi za nchi yetu zilianzishwa na makanisa, na kwa kazi hiyo tunayashukuru. Lakini katika darasa moja la Nakuru waweza kumkuta Mkatoliki, Mpresbiteri, Mwakorino mwenye kilemba chake, Mwadventista, Mwislamu, na kijana ambaye bado anatafuta. Ziko shule ambazo wote hawa hupelekwa katika ibada moja, na asiyeonekana huadhibiwa kama mwizi. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 32, yakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba wanafunzi Waadventista waruhusiwe kuitunza Sabato yao tangu machweo ya Ijumaa hata machweo ya Jumamosi. Ni aibu kwamba Wakristo walihitaji kwenda mahakamani ili Wakristo wenzao wawaachie siku ya kuabudu.

Mwalimu mwenzangu aweza kusema, "Pasipo lazima hapana nidhamu." Ni kweli katika hesabu, na katika kufagia darasa, na katika kufika kwa wakati. Mwanafunzi hana hiari ya kusema mbili na mbili ni tano. Lakini kuabudu si somo la kusahihishwa kwa wino mwekundu. Mwalimu aweza kumfanya mwanafunzi afumbe macho. Hawezi kumfanya aombe. Na yule aliyefumbishwa macho kwa fimbo miaka minne, siku ya kwanza ya kutoka shuleni huyafumbua, wala hayafumbi tena. Wangapi wameichukia imani si kwa sababu waliichunguza wakaiona haifai, bali kwa sababu waliionja kwanza katika adhabu?

Mzazi naye ataniambia kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nakubali. Sikusema mtoto aachwe kama mbuzi asiye na mchungaji, ati achague akiwa mkubwa. Mzazi amfundishe mwanawe aliyo nayo, ampeleke kanisani, amwonyeshe kwa mwenendo wake ni nini kumcha Mungu. Lakini kulea ni kumwandaa mtu asimame kwa miguu yake. Mpandaji hutia mbegu, humwagilia, hupalilia. Hata hivyo hapana mkulima, awe wa Njoro au wa Subukia, aliyewahi kuuvuta mche kwa mkono ili urefuke. Aliyejaribu aliung'oa.

Sasa nawageukia ninyi vijana, maana huenda mpaka hapa mmekuwa mkinipigia makofi, na makofi hayo yana hatari yake. Wapo miongoni mwenu wasemao, "Mimi ni huru, Mungu huutazama moyo, basi nifanye nitakalo." Kijana wa namna hii amemfukuza mnyapara wa nje akamwajiri mwingine ndani. Tamaa humwamsha, tamaa humlaza. Marafiki wakicheka hucheka, wakinywa hunywa, wakimtukana mtu wa kabila jingine naye hutukana. Nini alichochagua? Huyu naye ni skwota, ila hajui jina la tajiri wake.

Mtume Paulo, aliyewaandikia Wagalatia kwa ukali kwamba wasirudi utumwani, aliwaonya pia katika waraka ule ule kwamba uhuru wasiufanye kuwa njia ya kuufurahisha mwili, bali watumikiane kwa upendo. Na huko Korintho palipotokea ugomvi juu ya nyama zilizotolewa kwa sanamu, alikiri kwamba nyama ni nyama tu, na mwenye kuelewa hivyo ana haki ya kuila. Lakini yeye alikuwa tayari kutokula nyama kabisa, ikiwa kula kwake kungemwangusha ndugu aliye dhaifu. Hapo ndipo uhuru wa Kikristo unapoonekana wote: ana haki, anajua kwamba ana haki, hapana wa kumlazimisha, naye kwa hiari yake anaiweka haki hiyo chini kwa ajili ya jirani.

Bonde letu limewaona watu wa namna hiyo. Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki alikuwa Askofu Mkatoliki wa Nakuru tangu mwaka 1971 hata 1996. Mapigano ya kikabila yalipofika Molo na Olenguruone mwaka 1992, yeye mzaliwa wa Machakos angaliweza kusema kwamba ugomvi ule si wa watu wake. Hakunyamaza, aliilaumu serikali hadharani kwa kutowalinda raia, katika siku ambazo kuilaumu serikali hakukuwa mchezo. Padri John Kaiser, mmisionari Mmarekani, alikaa na wakimbizi katika kambi ya Maela upande wa Naivasha hata serikali ilipowatawanya mwishoni mwa mwaka 1994. Mwaka 1999 alitoa ushahidi mbele ya Tume ya Akiwumi iliyochunguza mapigano hayo. Mwezi wa Agosti 2000 maiti yake ilikutwa kando ya barabara ya Naivasha kwenda Nakuru. Wachunguzi wa kwanza walisema alijiua; mwaka 2007 mahakama iliyokichunguza kifo hicho ilisema aliuawa. Hapana aliyewaamuru watu hawa wawili kusema. Wangaliweza kunyamaza na kuhubiri habari za mbinguni tu, na vichwa vya waumini vingehesabiwa vile vile. Walichagua mzigo, kwa kuwa walikuwa huru.

Basi, ndugu msomaji, mtu akikuambia kwamba imani ni kutii bila kuuliza, mkumbushe watu wa Beroya. Akikuambia kwamba kabila lako au kikundi chako kina haki juu ya dhamiri yako, wakumbuke ndugu wale waliokataa kiapo na wakakataa bunduki. Na moyo wako ukikuambia kwamba uhuru ni kujipendeza, jiulize ni jirani yupi aliyepata nafuu kwa uhuru wako. Chunguza, uliza, kisha uchague wewe mwenyewe. Na ukiisha kuchagua, usimshike mwenziwe aliye bado njiani kwa nguvu. Mashamba ya walowezi yamegawanywa, na vitabu vya wanyapara vimekwisha kuliwa na mchwa. Haifai tuwarudishe wanyapara hao kwa mlango wa kanisa.